Tarumbeta ya Wimbo wa Tatu

3 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila mgongo ndio haunisalimii vizuri. Natumaini kikohozi kimemwachia mama.

Nakuandikia nina hasira, nivumilie. Hapa machimboni gazeti lenu la muziki nalisoma mimi, kwa sauti, saa ya mapumziko, wenzangu wamekaa juu ya mawe. Uliandika kwamba kwenye kaseti mpya ya ile bendi kubwa, wimbo wa tatu, tarumbeta inalia kama mjane. Tukainunua. Tukausikiliza wimbo wa tatu mara nne. Tarumbeta hamna. Mpasua mawe tunayemwita Masikio akaniambia, "Dada yako kasikiliza kwa macho." Wakacheka wote. Nikanywa maji yangu, nikarudi kwenye nyundo.

Ulisikiliza kweli?

Kaka yako

21 Machi

Shikamoo kaka,

Mama hajambo, anakohoa asubuhi tu.

Sikusikiliza. Bendi ilikuwa imelipia tangazo la jalada la nyuma la gazeti, mhariri akanipa karatasi yao yenye majina ya wapigaji, akataka ukurasa siku ile ile. Kumbe mpiga tarumbeta aligombana nao kabla ya kurekodi. Nimemwomba mhariri tusahihishe, amesema wasomaji wanataka picha na sifa, hakuna anayehesabu vyombo. Kazi hii naihitaji, kaka.

Mdogo wako

9 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeipata barua yako, nami ni mzima.

Mwambie mhariri wako tuko kumi na wanne hapa tunaohesabu vyombo. Kama bendi ni nzuri tutaamua wenyewe, vumbi halijatuziba masikio. Tunataka kujua nani kashika besi, na wapi walichoka wakajaza kelele. Tunataka mtu aliyekaa chini akasikiliza. Anayesifu kila kitu anatuona majuha. Mimi jiwe likiwa na ufa nalikataa, msimamizi anune asinune, maana litakwenda kubeba nyumba ya mtu.

Chini ya ukurasa ule pana jina lako, si la mhariri.

Kaka yako

30 Mei

Shikamoo kaka,

Sote wazima. Sahihisho nilimpelekea mpanga kurasa mwenyewe, mhariri hakuliona mpaka lilipotoka. Mistari minne, jina langu chini. Kesho yake nikaambiwa nichukue mkoba wangu. Nalia kidogo nikipika, lakini sijutii.

Humu nimeweka kurasa mbili nilizoandika kwa mkono. Kaseti ni ile ile, nimeisikiliza mara sita. Wimbo wa tatu umepwaya. Wa tano, mfuate mpiga besi.

Mdogo wako

19 Juni

Mdogo wangu,

Mgongo ni ule ule, tumezoeana.

Nimewasomea kurasa zako. Masikio aliubishia wimbo wa tano mapumziko yote. Msimamizi akapuliza filimbi mara mbili, hakuna aliyeinuka. Tukauweka tena. Besi ipo.

Gazeti la mwezi huu tumewashia jiko. Kurasa zako nimezibandika ukutani juu ya kitanda changu, na Masikio kaandika pembeni kwa mkaa: Huyu kasikiliza.

Kaka yako