Dakika Hamsini kutoka Kisumu

Jumamosi, 12 Julai. Ni miaka mitatu na miezi minne tangu nitoke nyumbani Mbale, karibu na Kisumu. Hapa Ruiru, nje ya Nairobi, kuna baridi, ukungu haujaondoka tangu juzi, vidole vyangu vimepasuka. Lakini leo siandiki kulalamika.

Leo mama amempakata Kageha.

Kageha ni binti yangu, ana miezi saba, na jina ni la mama. Kwetu mtoto akipewa jina la nyanya yake, nyanya hatulii mpaka amshike. Shida ni mguu. Mara ya mwisho mama alikaa saa nane ndani ya basi, akashuka mguu umevimba, akalala wiki mbili. Mimi nami nachonga mawe ya kujengea hapa machimboni, siku yangu ya kupumzika ni Jumapili peke yake. Nikaamua aje kwa ndege. Nimejinyima miezi yote hii saba.

Kamau, tunayechonga naye mawe, alicheka sana. Akaniuliza kama mama atapewa kiti ama atawekwa na mizigo.

Aliyetukatia tiketi alisema Kisumu hadi Nairobi ni dakika hamsini. Sikumwamini. Hata makondakta husema tunafika sasa hivi, na Nakuru bado hujaiona. Niliachia shule darasa la sita, lakini kilomita mia tatu na kitu nazijua, nimezikalia. Kwa hivyo mama alipopiga simu asubuhi kwamba wanaingia kwenye ndege, niliona nina siku nzima. Nikamaliza mawe matatu. Nikarudi chumbani, nikaoga. Nilikuwa napiga viatu rangi simu ilipolia.

"Nimefika," mama akasema. "Uko wapi?"

Nilidhani ameteremshwa njiani. Nikamuuliza ni nani amemshusha.

"Rubani. Tumeshuka wote."

Nilikimbia na kiatu kimoja kikiwa na rangi. Nilimkuta uwanja wa ndege, kwenye benchi, mkoba mapajani, mguu mzima, haujavimba hata kidogo. Nilijua nitaambiwa, na nikaambiwa.

"Nimekungoja hapa muda mrefu kuliko nilivyokaa huko juu. Na wewe kila Krismasi unaniambia nyumbani ni mbali."

Nikabeba mkoba wake. Hapa daftarini naweza kusema ukweli: haikuwa umbali tu. Niliona aibu kurudi mikono mitupu.

Mchana Kageha alishika pua ya mama akakataa kuiachilia. Mama alicheka hadi machozi. Kamau alipokuja kusalimia alimwambia, "Shosho," ndivyo kwao wanavyomwita nyanya, "umetushinda. Hapa machimboni hakuna hata mmoja amewahi kupanda ndege." Mama akamjibu kwamba akitaka kupanda, na yeye azae, angoje mjukuu apewe jina lake.

Sijawahi kujiona mrefu kama leo. Mimi, mtu wa nyundo na patasi, nimempitisha mama yangu juu ya Bonde la Ufa na ameshuka akitembea.

Jioni nilimwendea msimamizi, nikaomba siku tano za likizo. Amekubali. Tutapanda basi, hizo saa nane sizihesabu tena. Mimi, mke wangu na Kageha tutafika Mbale Ijumaa ya pili ya Desemba, mikono yangu ikiwa vile itakavyokuwa.