Karamu au Kalamu: Swali Letu kwa Mwalimu Peris Nakhungu

Mwaka mzima umezunguka, Mama, tangu Alhamisi ile ya tarehe 13 Oktoba 2005 ulipotutoka, na bado Joan akianza kukutaja anasema "Mama anapenda," halafu anasimama, anajisahihisha, "alipenda," na uso wake unakuwa kama wa mtu aliyeshushwa stendi isiyo yake. Herufi ulitufundisha zote. Huu wakati uliopita ndio haujatuingia.

Aliyepewa kazi ya kuandika tangazo hili la kumbukumbu ni mimi, Barasa, mtoto wako wa pili. Baba alisema, "Andika wewe, lakini usilete mchezo." Nitajaribu, ingawa yeye mwenyewe anajua nilitoa wapi mchezo.

Watu wa Matisi walikujua kama mwalimu wa darasa la kwanza. Masomo yalipokuwa ya bure mwaka wa 2003, watoto walifurika mpaka wengine wakakalia mawe. Wewe hukulalamika. Ulikusanya vifuniko vya soda ukaviandika herufi kwa rangi ya kucha, na Joan akaitafuta rangi yake mwezi mzima. Ulichora alfabeti kwenye mchanga wa uwanja ili mtoto aruke jina lake kwa mguu mmoja. Kizito alichoka akiwa kwenye Z, akaomba aitwe Kizi mpaka baada ya chai ya saa nne.

Halafu ile ya kuvua maneno. Ulitoa sumaku kwenye spika ya redio ya Baba, ukaifunga kwa kamba na kijiti. Maneno yakawa ndani ya karai, kila karatasi na pini yake. Mtoto akivua "kuku" anasoma "kuku". Asipoweza, anairudisha ikaogelee. Baba alipeleka redio kwa fundi. Fundi akaifungua akamwambia, "Mzee, hii redio haina moyo." Na wewe ulikuwa hapo hapo kando, unaangalia mawingu.

Lakini mchezo wako mkubwa ulikuwa wa L na R, kwa sababu ulijua sisi watu wa Bungoma hizo mbili tunabadilishana kama majirani wanavyobadilishana chumvi. R ilikuwa trekta. Darasa zima lilizunguka likinguruma rrrr, mpaka mwalimu mkuu akaja kuuliza ni nani analima. L ilikuwa kulamba asali, ncha ya ulimi juu, polepole. Darasani ulimi wako ulinyooka kama rula. Ukivuka tu lango la shule, ulimi unarudi kwetu Misikhu: "Balasa, reta maji." Hilo jina ulinipa wewe mwenyewe, Mama, na miaka ishirini hukuwahi kuliita sawasawa. Nikikuuliza, unasema, "Ile ni kazi. Hapa niko nyumbani."

Sasa tufike kwa jambo linalotusumbua. Wasomaji wengine wasikilize pia, labda kuna mwenye jibu.

Jumapili moja mchana, wiki mbili kabla utuache, uliniita kando ya kitanda na daftari. Ulitaka niandikie mwalimu atakayeshika darasa lako. Ukasema, "Andika. Moja, Kui asikae karibu na dirisha, anahesabu magari. Mbili, Kizito akisema ameelewa, usimwamini." Niliandika. "Tatu, siku ya kufunga shule, wape karamu. Mimi niliwaahidi."

Nikakuuliza, "Ya kula au ya kuandika?"

Ulicheka, Mama. Ulicheka mpaka kikohozi kikakushika na Joan akaja mbio na maji. Ulipopata pumzi ulisema, "Balasa wewe. Andika tu."

Nikaandika kwa R, kwa sababu ndivyo nilisikia, na masikio yangu pia ni ya Misikhu. Nilijiambia nitakuuliza vizuri kesho. Kesho yake ulilala. Iliyofuata walikuja watu wa kanisa. Halafu wewe mwenyewe unajua vile ilikuwa. Swali lilikuwa la sekunde mbili, na mimi nililifanya utani.

Mwezi wa kumi na moja shule ilifungwa, sisi tukiwa bado tunapokea wageni, na hakuna aliyekumbuka daftari. Lakini watoto hawakusahau. Walianza kumngoja Baba njiani. "Mzee wa Mwalimu, karamu yetu?" Wengine wakawa wanasema, "Kalamu yetu?" Akipita na baiskeli wanamwuliza, akienda posho mili kusaga mahindi wanamwuliza. Kuanzia mwezi wa tatu anapitia nyuma ya kanisa, njia ya tope, mtu wa miaka hamsini na sita akiwatoroka watoto wa darasa la pili. Alituambia akiwa mezani, bila kuinua macho, "Peris hajawahi kudanganya mtoto. Mnataka uongo wake wa kwanza upitie kwangu?"

Tukakaa kikao. Baba akasema ni karamu ya kula, kwa sababu darasa la kwanza wanaandika na penseli, na wewe usingeweza kumpa mtoto wa miaka saba kitu cha wino. Joan akasema ni hapo hapo: kalamu ilikuwa zawadi ya kuwaonyesha wanakoenda. Tena, akasema, ni lini Mama alipikia watu wengi akafurahi? Si mara ya mwisho alipika chai ya wageni ikaingia chumvi?

"Hiyo chumvi ni Barasa aliweka," Baba akasema.

Ni kweli. Leo naungama.

Joan akasema, "Basi tufanye zote mbili, tupumue." Baba akakataa. "Aliahidi kitu kimoja. Tukifanya viwili tutakuwa tunatangaza kwamba alikuwa anaongea na hakuna aliyemsikiliza." Hapo kikao kikavunjika, na wa kwanza kutoka nilikuwa mimi.

Ijumaa iliyopita nikaenda shuleni mwenyewe. Mwalimu Jelimo ndiye alichukua watoto wako, na ni mtu ambaye kwao L na R hazina ugomvi. Nikamwomba dakika tano. Nikauliza watoto, "Mwalimu Peris aliwaahidi nini?"

Wote hamsini na tisa wakajibu pamoja. Naapa, Mama, nilisikia zote mbili.

Nikamwuliza Kui wa Gachanja aeleze. Akasema, "Karamu," akaandika hewani kwa kidole. Nikakumbuka kwao Wakikuyu ya kuandika ndiyo huitwa karamu. Kizito akasimama: "Hapana, ni kalamu," na akajipapasa tumbo.

"Kizito, kalamu inaliwa?"

"Si inategemea ni ya nani?"

"Umeelewa swali kweli?"

"Nimeelewa."

Sikumwamini, kama ulivyoagiza.

Mwalimu Jelimo akaniambia, "Si uwaambie waandike? Si ndiyo maana wako shule?" Akagawa karatasi. Darasa likatulia, nikasikia trekta ndogo ndogo midomoni, wengine wakilamba asali wakiwa wameinama. Hakuna aliyeuliza neno linaanza na nini. Yule wa nyuma ambaye ulisema anaandika jina lake kuanzia mkiani aliandika sentensi mbili na nukta.

Nikahesabu nikiwa nimesimama mlangoni. Karamu, thelathini na moja. Kalamu, ishirini na saba. Na mmoja, Wabwile, alikuwa amechora mbuzi.

Nilipeleka karatasi nyumbani. Baba akavaa miwani, akazisoma moja moja, zote, hata zile zenye makosa akazisoma na makosa yake. Alipofika kwa mbuzi akakaa nayo muda mrefu. Halafu akasema, "Huyu peke yake ndiye hakuniletea L wala R."

Nikamwambia ukweli, kwamba kulingana na Mwalimu Jelimo, Wabwile huchora mbuzi kila siku, hata kwa hesabu.

"Sijali," Baba akasema. "Mbuzi anajulikana ni wa nini."

Kwa hivyo ni kesho, Jumamosi tarehe 14, saa sita mchana, uwanjani mwa shule, Matisi. Mbuzi yuko, amefungwa kwenye ua wako, anakula maua yako, tunaomba msamaha. Wazazi wa watoto wale wanakaribishwa. Jumapili tutakuwa Misikhu kwa maombi kando ya kaburi. Baba amesema kesho atapitia njia kubwa.

Kuna pia katoni chini ya kitanda cha Joan ambayo sitaiongelea, ila ukiitikisa vinagongana vitu vyembamba hamsini na tisa. Baba, ukifika mstari huu, uruke.

Mama, hatujui ulimaanisha gani. Tumekosea kwa upande mmoja, na hatujui ni upande upi. Nimesoma lile daftari mara nyingi, na kila mara ni mwandiko wangu tu naona. Ningelipa chochote usikike jikoni ukiniita kwa jina lile lenye makosa, nikuulize tena, na safari hii ningenyamaza mpaka ujibu.

Wanaokukumbuka ni mume wako Hesbon Mukhisa, watoto wako Joan na Barasa, dada yako Nakhumicha na jamaa wote wa Kanduyi na Misikhu, Mwalimu Jelimo, na watoto hamsini na tisa ambao wote, kasoro Wabwile, wanaweza kusoma tangazo hili bila kusaidiwa.

Siku zote uko nasi, Mwalimu. Hatutakusahau kamwe.