Kipima Pombe Kisichopanda Ngazi

Mpendwa Shangazi,

Jumanne saa moja na dakika kumi asubuhi nilipoteza usimamizi wa zamu niliouhangaikia miaka kumi na moja, tangu nilipoingia kiwandani kubeba magodoro kichwani, na nimeupoteza kwa kijiko kimoja cha dawa ya kikohozi. Langoni kuna kipima pombe, unapuliza ndipo unaingia, mimi nikapuliza kikalia pii, mlinzi akacheka, "Bosi, leo umeamkia baa?" nikamwonyesha chupa ya dawa, akasema, "Kaka, mashine haisomi lebo." Sikatai, nakunywa, Jumamosi chupa mbili, ya tatu mke wangu hanifungulii mlango, lakini Jumanne sikuwa nimegusa kitu.

Kinachoniuma ni hiki: weusi mia moja arobaini na wawili tunapuliza kila siku, wazungu tisa wa ofisi ya juu hawajapuliza hata mara moja, na hesabu hiyo naijua kwa sababu miaka miwili yote mimi ndiye niliyeshika kipimo zamu yetu, nikishapuliza mwenyewe mbele ya mlinzi. Mkurugenzi tunamwita Kizibo, maana kila Ijumaa anarudi kutoka chakula cha mchana na kizibo cha mvinyo mfukoni, anapanda ngazi kwa kushika ukuta. Nilipomuuliza mbona wao hawapulizi akasema, "Ninyi pombe iko kwenye damu, sisi tunajua kunywa," kisha akanisogezea karatasi: nikiri nilikuja nimelewa, cheo nirudishiwe baada ya miezi mitatu, nisipokiri Ijumaa saa tisa niondoke. Mke wangu anasema saini, wino haung'ati. Shemeji anasema nikisaini nimewasainia wenzangu wote. Nina watoto wanne. Nijibu redioni kabla ya Alhamisi saa sita, nisaini au nisisaini, na usiniambie niombe Mungu, hilo mama mkwe ameshanipa.

*

Mwanangu,

Usisaini. Hilo ndilo jibu lako, sasa kaa usikie lingine.

Pole, umeonewa. Lakini wewe hodari wa hesabu, nihesabie na hii: miaka miwili umeshika kipimo, ni mara ngapi ulipanda nacho ngazi? Na wangapi uliwarudisha nyumbani wakikuapia kuwa ni dawa? Kikiwalilia wenzako ulikiita usalama, kimekulilia wewe ndipo umeuona ubaguzi! Ni ubaguzi kweli, tangu siku ya kwanza. Shemeji yako ana akili: karatasi hiyo Kizibo ataitoa kabatini kila mtu akilalamika, "Hata msimamizi wao alikiri."

Leo nenda zahanati uandikiwe kuhusu hiyo dawa. Maneno ya damu yaandike yalivyo, na saa aliyoyasema. Kesho Ijumaa asubuhi simama langoni uwaombe radhi wenzako. Watakutania, wacha wakutanie. Na Jumamosi hii kunywa chai.

Lakini kesho hiyo hiyo, kabla hajaenda kula, mwandikieni Kizibo, majina yote chini, lako la kwanza, swali moja tu: "Mkurugenzi, leo ukirudi kutoka kula, utapuliza kama sisi, ndiyo au hapana? Tunataka jibu kwa maandishi kabla ya saa nane."