Mafundo Matatu Kwenye Korido

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umekaa kitini, si umesimama jikoni unasoma huku unakoroga sufuria, maana nakujua. Goti linaendeleaje? Na shemeji, bado anakohoa kila asubuhi au ameacha ukaidi akaenda kupimwa? Wabusu wanao, hasa yule wa mwisho aliyerithi pua yangu, maskini. Sisi huku wazima. Mama anakula, analala, shuka zake nabadilisha kila baada ya siku mbili. Mimi nami nakula na kulala. Utaniuliza najisikiaje. Unajua ukiukalia mguu mpaka ukafa ganzi? Basi mimi ganzi hiyo imenienea mwili mzima, na mwezi wa tatu huu haijaachia.

Barua yako niliipata. Umeniuliza kwa nini kila anayetoka huku anakuambia kwamba nimeshikwa na wazimu wa kupamba korido ilhali mama yetu hatoki chumbani. Halafu umeniarifu, hukuniuliza, kwamba kwa kuwa Mama ameanza kupotewa na hesabu, mtakuja mwisho wa mwezi ujao mumchukue akakae kwenu, na nyumba ifungwe. Nitaanza na la korido. Ukivumilia utaona kwamba yote mawili ni jambo moja.

Korido unaikumbuka. Ukitanua viwiko vinagusa kuta zote mbili. Mtu akija na beseni, mwenzake hana budi kurudi kinyumenyume. Ulipokuwa na mimba yako ya kwanza ulikuwa ukipita kwa ubavu, na Mama akasema umefunga barabara kuu. Sasa ungeiona ungedhani umekosea nyumba. Ukuta wa kushoto nimeupigisha lipu ya kukwaruza, ile inayoshika vidole. Chini yake seremala wa jirani amenipigia vibao vyembamba vya mbao isiyopigwa randa sana. Juu nimepanga vifuniko vya vikapu, vikubwa kwa vidogo, na mwisho kabisa kipande cha kitambaa cha gunia nilichokibana kwenye fremu. Ukuta wa kulia ni wa makrame, yaani zile kamba za pamba ninazofunga mafundo na kuning'iniza kwenye fimbo, kazi inayonilisha. Watu wakiingia wanashika mdomo. Wanasema nimejikaza, kazi inanisaidia kusahau. Nawashukuru, wakiondoka nafunga kamba nyingine.

Ila ukuta huo wa kulia haukuanza kama pambo, na hilo sikuwahi kukuandikia. Macho ya Mama yalipozimika kabisa, mwaka juzi, alikataa katakata kushikwa mkono. Alisema yeye si mbuzi wa kupelekwa mnadani. Akawa anapapasa ukuta mtupu na kuingia jikoni akidhani ni msalani, kisha anacheka, lakini mimi nilimwona anavyouma midomo. Ndipo nikamfungia kamba. Pembeni ya kila mlango, usawa wa mkono wake, nilining'iniza makrame ya pamba laini yenye mafundo makubwa kama malimau. Fundo moja, jikoni. Mawili, chumba chake. Matatu, msalani. Na pale mlango wa uani, kwenye vile vidaraja viwili vya kushukia, sikuweka pamba wala fundo. Niliweka mkonge mtupu, mkavu, unaochoma. Tulikubaliana kwamba akigusa mkonge asimame.

Dada, ungemwona. Wiki ya pili alikuwa anatembea korido nzima kwa mkono wa kulia, anahesabu kwa sauti ndogo, na usipompisha anakukanyaga. Alianza hata kunikosoa, kwamba fundo la jikoni limelegea, kwamba la msalani la katikati ni dogo kuliko wenzake. Mimi nikampachika jina la mkaguzi, na yeye akasema mkaguzi ndiye anayejua kazi mbovu ya Kitinda. Unajua anavyolitaja hilo jina langu la kitinda mimba kana kwamba bado nanyonya.

Sasa kuna mwanamke mmoja huku, mpambaji wa majumba ya watu, tunamwita Bi Pozi kwa sababu hawezi kusimama mahali bila kuegemea kitu kwa madaha. Alisikia habari za korido akaja kuiona. Alisifu mpaka nikaona haya. Akasema anataka kupiga picha awaonyeshe wateja wake, ila kuna kasoro moja. Lile pambo refu la msalani, jeupe, limejificha gizani kule mwisho, na ule mkonge wa rangi ya vumbi umekalia mwanga wa mlango wa uani bure. Akashauri nivibadilishane, na mlango wa uani niuache wazi kabisa ili mwanga uingie. Mama alikuwa amelala usingizi wake wa mchana. Nikapanda kigoda nikabadilisha. Haikuchukua hata dakika mbili. Na kweli, Dada, ilipendeza.

Picha zikapigwa. Bi Pozi akaaga, nikamsindikiza mpaka barabarani, na huko nikasimama nikinyweshwa sifa. Nilikuwa nimesahau kabisa. Sina kisingizio kingine, sikuharakishwa na mtu wala sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nafurahi tu.

Wewe nilikuambia kwa simu kwamba Mama alipotewa na hesabu akashika mlango wa uani kwa kudhani ni wa msalani, akaanguka. Seremala nilimwambia hivyohivyo alipokuja mbio na ubao wa kumbebea, na Mama amelala palepale ardhini anasikia. Alilichukua neno hilo kinywani mwangu. Alipofika kwa daktari akalisema yeye mwenyewe, kwamba amezeeka, amehesabu vibaya. Nami nikanyamaza.

Alihesabu sawasawa, Dada. Alitoka chumbani, akapapasa ukuta, akakutana na mafundo matatu pale nilipoyaweka, akageuka kuingia kama tulivyokubaliana. Mkonge hakuufikia, ulikuwa mbele yake.

Hata hilo silo nililoshindwa kukuambia. Niliporudi kutoka barabarani nilimsikia ananiita kutoka uani. Hakupiga kelele, aliita tu Kitinda, Kitinda, kama anayetaka maji. Nilifika mlangoni nikamwona ameanguka chini ya vidaraja, mguu umekaa vibaya. Nikaona na yale mafundo pembeni ya bega langu. Na mimi mtoto wake nilipanda kwanza kigoda. Nilitoa pamba, nikaenda kule mwisho, nikatoa mkonge, nikarudisha kila kimoja mahali pake. Kitanzi cha mkonge kilikataa kuingia kwenye msumari, nikajaribu mara tatu. Muda wote huo Mama alikuwa ananiita. Kilipoingia ndipo nikashuka nikaenda kumshika kichwa.

Tangu siku hiyo mikono yangu inafunga kamba yenyewe. Sijalia. Nilikuwa nikifikiri nikiujaza ukuta ule vitu vya kutosha sitauona tena ule msumari, lakini nauona.

Nyonga aliyovunja siku ile imeunga. Daktari wa mazoezi anasema Mama anasimama vizuri, anapiga hatua pembeni ya kitanda na mkongojo wake, hana kinachomzuia kutoka. Ila ukimwambia aguse ukuta anaurudisha mkono kifuani. Anasema vidole vyake havifai tena kusadikiwa. Na barua yako nilipomsomea, ile sehemu ya kuja kumchukua, hakubisha. Mama yetu, Dada, hakubisha. Alisema mtu asiyeweza kuhesabu mpaka tatu hana nyumba. Ndiyo maana nimeandika haya leo, kabla hamjakata tiketi.

Unajua desturi yake. Barua haitoki humu ndani mpaka nimemsomea yote, naye aseme salamu zake, ndipo nigundishe bahasha. Nikiruka mstari ananigundua kwa pumzi. Nilitaka leo nimwambie kwamba sijaandika. Lakini amekwisha uliza mara mbili huyo Kitinda anaandika kitabu au barua. Basi naweka kalamu, naenda kumsomea.

Nimerudi. Nimemsomea yote, na kigoda nimekisoma.

Aliuelekeza uso dirishani. Kisha akaniambia nirudie pale pa mafundo. Nikarudia. Akaniuliza kama yalikuwa matatu kweli, nikamwambia matatu. Akasema kumbe alihesabu sawa. Alilisema mara mbili, la pili kwa sauti ya kukagua kazi. Halafu akasema kwamba siku ile alikisikia kile kigoda, miguu yake ikigonga sakafu huku na kule, na alivumilia maumivu kwa kuwa alijua Kitinda anahangaika kutafuta kitu cha kumnyanyulia.

Nilipiga magoti pale, na Dada, ganzi iliniachia kwa mara ya kwanza, na unajua ganzi ikiachia inavyouma.

Hakunishika kichwa, wala hakusema amenisamehe. Aliomba ndala zake. Nilipompa mkono aliusukuma. Alishika mkongojo kwa kushoto, mkono wa kulia akauweka ukutani, akatoka mlangoni mwake taratibu sana. Mimi nilifuata nyuma bila kumgusa. Kwenye mkonge alisimama, akaupapasa juu mpaka chini, akautafuta na msumari akaugusa kwa kidole. Akaendelea. Kule mwisho nilimsikia akihesabu moja, mbili, tatu, kisha akaingia msalani na kufunga mlango.

Mistari hii ya mwisho naiandika nimekaa sakafuni hapahapa koridoni, karatasi juu ya goti, kwa hiyo samahani kwa mwandiko. Salamu zake alizitoa kupitia mlango, amenitaka niziandike neno kwa neno. Anakusalimu wewe, mumeo na wajukuu wake. Anasema mje mwezi ujao kutembea, si kumhamisha, na mpewe chumba cha mbele. Anasema mwambie dada yako mimi najua kuhesabu. Kuhusu mimi hakutuma neno, na wewe usiniombee msamaha kwake. Nitauomba mwenyewe, siku akitaka kuusikia.

Namsikia anafungua mlango. Korido hii haitoshi watu wawili, nasimama nimpishe.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda