Nilizikana Ndizi za Bibi Wanu

Mpendwa Bi Mwanakheir,

Shikamoo. Jambo ninalokuandikia sijapata kumwambia mtu yeyote, hata daftari langu ambalo huliandikia kila kitu, na naomba msaada wako kwa sababu siku hizi nikifungua kitabu hutazama ukurasa mmoja mpaka naitwa kulala. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, kwetu Uroa, nasoma darasa la nane mjini na nakaa Mkunazini kwa shangazi yangu Bi Mize, ambaye alinipokea kwa kuwa kwetu hakuna darasa la kuendelea, na siku akiniambia niondoke masomo yangu yamekwisha. Nimelelewa na bibi yangu mzaa mama, Bibi Wanu, na yeye ana chakula chake ambacho sijakiona kwa mtu mwingine: hupika ndizi mbivu kwa tui, sukari na hiliki kama wapikavyo watu wote, halafu hubanika papa mkavu, humchambua nyuzinyuzi, humtia pilipili na ndimu, akamnyunyiza juu ya zile ndizi tamu. Najua umekunja uso. Kila mtu hukunja uso, lakini ule utamu na ile chumvi vikikutana mdomoni hutaki hata mtu akusemeshe.

Nilipokuja mjini nilimwambia shangazi habari za chakula hiki akacheka mpaka akashika ubavu. "Papa kwenye ndizi za sukari? Watu wa Uroa, kesho mtatia pweza kwenye chai." Tangu siku hiyo sikukitaja tena, lakini kila Ijumaa Bibi alikuwa akinipelekea kipande cha papa kwa Simai, dereva wa gari la shamba, nami nilikuwa nikikificha ndani ya sanduku la nguo, na ndiyo maana shuleni wenzangu wakawa wanavuta pua nikipita.

Ramadhani iliyopita jirani yetu Bi Kidawa alituletea sahani ya vitumbua, na unajua sahani ya futari hairudishwi tupu, na siku hiyo shangazi alikuwa amelala na homa, jikoni hamna kitu ila ndizi za nazi kidogo, nami niliona haya kuzirudisha chache vile, basi nikambanika papa wangu nikamnyunyiza juu, nikafunika kwa kawa nikapeleka. Sikuwaza. Nilitaka sahani ijae tu. Kesho yake Bi Kidawa alikuja mwenyewe, akamwambia shangazi, "Mize, nini kile ulichonipelekea? Nimelamba sahani mbele ya wanangu bila haya." Shangazi alinitazama, akanusa hewa ya jikoni, akafahamu, kisha akasema, "Kitu kidogo tu, nimekitunga mwenyewe." Mwezi mzima nikawa napika mimi, kinatoka kwa jina lake.

Idd Pili wanawake walijaa ukumbini kwetu wanakula chakula hicho, na Bibi Wanu akaja kutoka Uroa na kikapu chake, hakuwa ameniarifu. Aliitazama sahani akafurahi kama mtoto. "Hizi si ndizi zangu hizi? Mwanapili mjukuu wangu ndiye aliyewapikia?"

"Za kwangu hizo, Bibi," akasema shangazi. "Nimezitunga humu humu ndani."

"Mie nshazila kabla mamako hajakuzaa."

Wanawake wakacheka. Bi Kidawa akanigeukia mimi, akasema, "Haya, msomi wetu, wewe hutusemei uongo. Kwenu mnakila hiki?" Wote wakanitazama, na shangazi akanitazama, na mmoja pembeni akawa anasema taratibu kwamba ndiyo maana watu wa shamba harufu haiwatoki. Nikasema, "Hapana. Sijapata kukila kwetu. Nimekijua hapa mjini."

Bibi hakubisha. Aliniangalia kidogo, akasema, "Basi ni uzee huu, nimechanganya." Akanywa maji, akakiinua kikapu bila kukifungua, akaenda Darajani kungoja gari. Sikumsindikiza.

Huu mwezi wa pili hajanipelekea kitu. Kila Ijumaa nasimama Darajani, Simai ananitikisia kichwa. Mimi nimesoma hadithi nyingi za watu waliosema kweli wakapata taabu, nikawasifu, na yangu ilikuwa sahani ya ndizi tu. Je, nimwambie shangazi kwamba nataka kusema kweli, nikose pa kukaa, au ningoje nifanye mtihani wangu mwisho wa mwaka, kisha ndiyo niende kumwomba Bibi radhi?

Mjukuu, Mkunazini.

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa jikoni. Nimekipika. Ni kitamu, na hilo limenizidishia hasira.

Unaniuliza kama ungoje mtihani. Bibi yako ana miaka mingapi? Umeniandikia darasa lako, umeniandikia umri wako, wa kwake hukuuandika. Kauhesabu kwanza, ndipo uje uniulize habari za kungoja.

Nakuonea huruma, maana ni shida kulala kwenye nyumba ambayo neno moja linaweza kukutoa. Lakini usijifiche nyuma ya shangazi yako. Yeye alijisifu kwa kisichokuwa chake, hilo ni lake, atalijibu. Wewe hukumwogopa yeye peke yake siku ile. Ulimwogopa yule wa pembeni aliyetaja harufu. Ungekuwa umeniandikia hivyo tangu mwanzo, barua ingekuwa fupi. Na yule mzee alijiita mchanganyikiwa mbele ya watu ili wewe usionekane mwongo. Alikulinda, nawe ukamwacha aende kituoni peke yake na kikapu kizito.

Sasa sikiliza. Kwanza mwambie Bi Mize, ana kwa ana, kabla hujatoka mlangoni, asije akasikia kwa jirani. Usimtukane wala usilie. Kisha pika, tia kwenye sahani, mpelekee Bi Kidawa mwenyewe, useme ni chakula cha Bibi Wanu wa Uroa na kwamba ulisema uongo. Halafu panda gari la shamba. Usimchukulie Bibi haluwa wala kanga ya kumlainisha. Mwambie maneno yaleyale uliyoyasema ukumbini, kisha mwambie kwamba hayakuwa kweli. Shangazi akikufukuza, nenda kwa mwalimu wako mkuu siku hiyohiyo, wapo watu wazima mjini wanaopokea wasichana wa shule.

Wala usitarajie kukumbatiwa. Huendi kwa ajili hiyo.

*

Bi Mwanakheir, shikamoo.

Nimefanya. Shangazi aliponisikia aliendelea kuchagua mchele mpaka ukaisha, ndipo akasema, "Ungeniumbua siku ile, ningecheka nao. Sasa unataka nichekwe peke yangu." Hakunifukuza, lakini hanisemeshi, na chakula changu nakikuta kimefunikwa.

Bi Kidawa alipokea sahani, akasema alijua tangu Idd, maana hajapata kumwona Mize akibanika papa katika maisha yake. Nikamuuliza kwa nini basi aliniuliza mimi. Akasema alitaka kusikia nitajibu nini.

Ijumaa nikaenda Uroa. Bibi aliitikia salamu yangu akaendelea kukuna nazi. Niliyasema yote kama ulivyoniagiza. Akasema, "Nshasikia." Mchana akaweka sahani mbili mkekani. Yake ilikuwa ya ndizi na papa. Yangu ilikuwa ya wali mweupe na mchuzi.

"Hiki wewe hujapata kukila," akasema. "Nimekupikia wali."

Nilikula wali wote. Nikaosha sahani zote mbili, nikaziinamisha, nikapanda gari la alasiri kurudi mjini.