Sahihi Kumi na Moja

Chumba cha Wahudumu,
Nyumba ya Wazee.
Jumatano, 17 Septemba.

Mpendwa Kaka,

Pokea shikamoo yangu kwanza, maana huko mbele sitakuwa na adabu. Natumaini wewe na wifi ni wazima, na lile goti lako limeacha kutabiri mvua. Sisi hatujambo. Mgongo wangu hulalamika asubuhi, nikiunyoosha unanyamaza, tumezoeana. Mama anakula, anasali, anagombana na redio. Kwa hiyo hali ni njema.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa hasira, mara ya pili nikitafuta kama kuna neno zuri ambalo hasira ilinifanya niliruke. Nikalipata: umeandika "pole na kazi". Mengine yote ni kuniambia kwamba mtu wa miaka hamsini na tatu haendi chuo kikuu, anapumzika, na kwamba utaniletea kiti cha kubembea. Wifi naye kaongeza pembeni kwa kalamu nyekundu kuwa nikihitimu shahada ya ustawi wa jamii na elimu ya uzee sitahitaji kutafuta kazi, nitahamia tu kitanda cha jirani. Mwambie nimecheka.

Lakini Kaka, sikuamka siku moja nikatamani joho. Tuna mkazi mmoja hapa, fundi aliyeshona sare za shule miaka arobaini, tunamwita Bibi Cherehani. Kila siku saa kumi jioni huinuka kwenda getini. Afisa wetu wa ustawi wa jamii kaandika kwenye faili kwamba anatoroka, na tangu Mei mlango wake hufungwa kwa ufunguo saa tisa na nusu. Hatoroki. Saa kumi ndio muda watoto walikuwa wakitoka shule, naye alikuwa akisimama mlangoni mwa duka lake kuangalia sare zake zikipita, ipi inabana, ipi imeachia mshono. Ukimsimamisha getini robo saa, anatazama wanaopita, anaguna, kisha anarudi mwenyewe kunywa chai.

Nililisema hilo kikaoni. Nikaambiwa wahudumu waandike usafi na chakula, mpango wa matunzo husainiwa na mwenye shahada. Nikauliza hiyo shahada inataka nini. Walidhani natania.

Inataka vyeti vya sekondari vilivyo na ufaulu wa hisabati, barua mbili za watu wanaokufahamu, insha ya kurasa mbili ya kwa nini unataka kufanya kazi na wazee, na saa mia nne za mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi anayetambuliwa na chuo. Barua nilipata. Insha ilitoka kurasa tisa, ikabidi niikate kama kitambaa.

Hisabati unaijua historia yake, wewe ndiye uliyekuwa ukinifanyia. Safari hii nimefundishwa na mkazi wa chumba namba sita, mwalimu mstaafu. Kila asubuhi huniuliza mimi ni nani, na kila asubuhi humwambia ni mwanafunzi wake mpya. Basi nimeanzishiwa milinganyo tangu mwanzo mara sitini hivi. Mwalimu mwenye kumbukumbu asingenivumilia. Nimefaulu, si kwa alama za kutangaza, lakini nimefaulu. Nilipomwonyesha matokeo alinipa mkono kwa heshima, akaniuliza nilisomea wapi.

Kilichokwama ni zile saa. Dirisha la udahili lina karani mpole, wa aina ile inayokukatalia huku ikikuvutia kiti. Akaisoma fomu yangu, akanieleza kuwa miaka yangu kumi na tisa ya kazi haihesabiwi hata saa moja, kwa kuwa hakuna msimamizi aliyeitia sahihi. Nikamuuliza kama wale niliowaogesha miaka yote hiyo bado ni wachafu. Akacheka, lakini hakuandika kitu.

Nilirudi mnyonge, sikufichi. Siku mbili nzima nilikuona wewe ndiye mwenye akili katika ukoo huu. Siku ya tatu nilikuwa stoo natafuta mashuka, nikakuta boksi la nakala za fomu za wanachuo. Kila mwaka chuo hichohicho hutuletea mwanafunzi afanye hizo saa mia nne. Kwa utaratibu, anasimamiwa na afisa. Kwa utaratibu wetu, afisa yuko semina, na mwanafunzi anakabidhiwa kwangu nimfundishe kumgeuza mtu kitandani bila kumvunja wala kujivunja. Mwishoni fomu inakuja, afisa haonekani, naambiwa saini wewe, dada, chuo wanasubiri. Nami husaini, na penye cheo huandika ukweli: mhudumu. Nilizihesabu, Kaka. Kumi na moja. Kila moja ina mhuri wa chuo kwamba msimamizi ametambuliwa.

Jumatatu yake nilivaa lile gauni langu la harusi za watu, nikaenda. Karani akaziangalia fomu, akamwita mkuu wake, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi. Mama yule akazipanga mezani kama karata.

"Hii sahihi ni ya nani?"

"Yangu."

"Na wewe una shahada gani?"

"Sina. Ndiyo niliyoifuata hapa."

Akasema basi hilo ni kosa la ofisi, si langu, na linaweza kuisha kimyakimya. Nitie sahihi karatasi kwamba fomu zile nilizisaini kimakosa, nami nitapewa nafasi ya kuanza saa zangu upya. Aliiandika palepale, mistari mitatu, akanisogezea pamoja na kalamu. Ilikuwa kalamu nzuri. Ningeishika tu, ningekuwa nimeingia chuo.

Nikairudisha upande wake.

"Mama, kama mimi sikuwa msimamizi, hawa kumi na mmoja hawakusimamiwa. Waiteni kwanza warudishe vyeti. Mimi nitasubiri hapa."

Akaniuliza kama ninakitishia chuo. Nikamwambia mimi ni mhudumu, natishia kunguni tu. Akataka kujua kama hata nawakumbuka hao wanafunzi. Nikawataja: aliyeogopa meno ya bandia, aliyelia alipofiwa na mkazi wake wa kwanza, aliyekuja na viatu virefu wiki nzima. Nilipofika kwa yule wa saba, aliyewasomea wazee magazeti ya zamani kwa sababu walitaka habari ambazo mwisho wake wanaujua, karani akakohoa. Akasema huyo yuko ghorofa ya pili, anafundisha somo la uzee mwaka wa kwanza.

Alishuka na chaki mikononi. Aliponiona aliusahau uhadhiri wake, akaniamkia, akanipokea mkoba kabla hajauliza kuna nini. Akaisoma ile karatasi ya mistari mitatu, akaikunja mara nne. Akamwambia mkuu wake kuwa mhadhara wake wa tatu hauko kitabuni, ameutoa kwangu, na kama sahihi ile ni kosa, basi yeye naye ni kosa.

Barua ya chuo imefika juzi. Nimekubaliwa, na saa zote mia nne zimehesabiwa, "kwa kuzingatia uzoefu". Neno kosa hawakuliandika. Masomo ni ya jioni, siku tatu kwa wiki, miaka minne. Wewe na wifi mnaweza kuanza kujumlisha umri wangu. Mkikwama, chumba namba sita kuna mwalimu.

Msalimie wifi, mwambie aitunze ile kalamu nyekundu, nitamtumia insha zangu asahihishe. Msalimie mwanao Bingwa wa Maswali, mwambie shangazi naye sasa ana mitihani. Mama anakusalimu, anasema kiti cha kubembea kilete tu, atakikalia yeye.

Jambo la mwisho. Jana saa tisa na nusu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu, na ukabaki humo. Saa kumi tulikuwa getini mimi na Bibi Cherehani. Walipita watoto arobaini na wawili, akaguna kwa wanne. Afisa alitutazama kutoka dirishani, akasema jambo hili ataliandika. Nikamwambia aandike kwa mwandiko unaosomeka, maana baada ya miaka minne faili hilo nitalisaini mimi.

Mungu awafunike huko mliko, na goti lipoe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, ambaye safari hii sikukutii,

Dada.