Spika Mbili za Omu Nane

Kalangalala, Geita
14 Julai 2024

Mdogo wangu Chiku,

Leo imetimia miaka thelathini na saba tangu niondoke Ngokolo. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Goti langu huuma asubuhi, likipata jua linaacha. Kifua chako je, kimepona? Unasema vumbi la mwaka huu limezidi. Funika mdomo unapofagia, usifanye ujana.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema chumba cha uani umekipaka chokaa, kitanda cha marehemu Baba umekitia kamba mpya, na kwamba watu wawili waliobaki wa nyumba moja hawapaswi kula kila mtu kwake. Ni kweli. Mimi hula nikiwa nimefungulia redio, ili pawe na mtu anayezungumza.

Wiki iliyopita mama mmoja aitwaye Vumilia, anayewapikia wachimbaji, aliniletea amplifaya ya vali, zile taa za kioo za mashine za zamani, aliyoachiwa na baba yake. Akaniamkia mwangaluka, akaitua mezani, akasema mafundi vijana wameicheka. Mimi mwenyewe sikuwa nimegusa ya vali tangu huko nyumbani. Nyuma ina skrubu tatu za kufungia spika, zimeandikwa nne, nane na kumi na sita. Vumilia alitaka spika zake mbili nizifunge kwenye kumi na sita, maana kubwa ndiyo yenye nguvu. Nikamweleza kwamba namba zile si nguvu, zinasema mashine inategemea kukuta mzigo gani upande wa spika. Spika mbili za omu nane, ndicho kipimo cha mzigo huo, zikifungwa sambamba haziwi kumi na sita, zinashuka kuwa nne, na mahali pake ni kwenye nne. Akacheka, akasema kumbe hata chuma kinataka mwenzi wa saizi yake, kisha akaniuliza wa kwangu mimi yuko wapi. Nikainamia kazi. Ilipowaka iliimba vizuri, naye akaondoka amefurahi. Mimi sikuweza kufanya kazi nyingine siku ile.

Chiku, unayakumbuka mashindano ya ngoma baada ya mavuno, mwaka ule amplifaya ya Baba ilipoungua. Watazamaji walikuwa wameanza kutukimbia, wanahamia kwa wapinzani. Yasini, mchumba wako, ndiye aliyekabidhiwa mashine. Alikuwa amefunga spika moja kwenye nane, sawasawa kabisa. Alipokwenda kuswali alasiri aliniachia niitazame. Nikaongeza spika ya pili, nikaielekeza kwa wapinzani, nikahamishia zote mbili kwenye kumi na sita. Nane na nane: nilijumlisha, nikajiona msomi. Vali ziligeuka nyekundu, kisha ikaja harufu ya nta inayoungua. Ilikuwa transfoma.

Yasini alirudi na mkeka wake kwapani. Baba akamwambia mbele ya kundi zima kwamba asiyeweza kutunza mashine hawezi kukabidhiwa binti. Yasini alinitazama. Bisibisi ilikuwa bado mkononi mwangu. Hakunitaja, kwa kuwa nilikuwa kaka yako, na mimi nikanyamaza. Posa ikavunjwa, yeye akaenda kulima tumbaku Ushetu, nami nikaja huku. Niliwaambia nafuata dhahabu. Nilikuwa naukimbia uso wako.

Wote waliokuja kukuposa baada yake uliwakataa, na miaka yote hii umeamini kwamba alikuwa mzembe. Hakuwa. Nimesikia kwa mfanyabiashara wa tumbaku kwamba yu hai, na barua kama hii nimempelekea jana. Atakachokujibu, au wewe utakachomjibu, hakinihusu tena.

Sikuombi msamaha kwa barua. Nilitaka tu ujue kabla mmoja wetu hajatangulia.

Nisalimie majirani wanaonikumbuka, kama bado wapo. Chumba cha uani weka mpangaji, mtu mtulivu. Mimi sina uso wa kupokea sahani mkononi mwako. Sitarudi.

Kaka yako,
Majaliwa